Mama Aliyechelewa

Wiki iliyopita binti yangu alitoka chumbani amekunja uso, akaketi mlangoni mwa jiko nilipokuwa nikikanda unga, akasema amedhulumiwa. Nilidhani ni mambo ya shule. Kumbe ni mambo ya vitabu. Kuna hadithi ndefu anayoisoma kwenye simu, vitabu vitano mfululizo, ya nchi isiyokuwapo na watoto wenye nguvu zisizo za kawaida, na wasichana wa darasa lake hapa Kismayu wanaipenda mpaka wanaitana kwa majina ya mle. Sasa mwandishi ametoa cha sita, na badala ya kwenda mbele amerudi nyuma, akaeleza yaliyotokea kabla ya kitabu cha kwanza.

"Ameeleza kila kitu, mama," alisema. "Yule mchawi niliyekuwa nikimwogopa, kumbe alikuwa mtoto tu aliyeonewa na kaka zake. Heri angeniacha nisijue."

Nilicheka, nikamwambia akisahau hicho aendelee kuvipenda vile vitano. Alipoondoka mikono yangu ilisimama ndani ya unga. Nilikuwa nimemkumbuka Mama Mdogo Tima, na nilipokuja kuzinduka unga ulikuwa umeanza kukauka kwenye vidole.

Nimezaliwa Chovai, ila miaka yangu ya kwanza ya masomo nilikaa Lamu kwa ndugu za baba, kwa kuwa kisiwani kwetu hakukuwa na shule zaidi ya chuo cha Kurani. Nilirudi nina miaka kumi, na Kiingereza cha darasa la nne. Lamu kilikuwa Kiingereza cha kuchekwa. Chovai kilikuwa hazina, maana hapakuwa na mwingine wa kukipima. Baba alikuwa akipeleka samaki wakavu Kismayu, na siku moja alirudi na vitabu vitatu alivyovinusuru dukani, vikiwa vimewekwa tayari kuchanwa vifungiwe karanga. Muuza duka alikuwa ameshachana kurasa chache za mwisho za kile cha pili. Vyote vilinuka mafuta ya simsim, na karatasi zake ziliwahi kurowa zikakauka, kwa hiyo kila nilipofungua zililia kama majani makavu.

Vilikuwa vitabu vya vijana, hadithi moja iliyoendelea. Msichana aitwaye Mareni aliishi katika nchi ambayo mito yake, siku fulani, hupanda mlima badala ya kuteremka. Kufuli yoyote aliweza kuifungua akilijua jina lake, kwa maana katika nchi ile kila kufuli ilikuwa na jina. Mlinzi wake alikuwa mwanamke mrefu aliyebeba taa isiyotiwa mafuta. Mimi nilimwita Wardani, kwa sababu hilo ndilo neno lililoandikwa kila alipotokea, likianza na herufi kubwa, na sikuwa na sababu ya kudhani si jina lake.

Mama Mdogo Tima, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa msikilizaji wangu wa kwanza. Alikuwa akisuka ukili wa mikeka kibarazani kwetu kila siku baada ya alasiri, na siku moja aliniona nimeinama juu ya karatasi zile nikitembeza kidole.

"Zasema nini?" aliuliza.

"Hadithi."

"Basi soma kwa sauti. Macho ni yako, masikio ni ya sote."

Nikaanza. Nilisoma sentensi moja kwa Kiingereza, kimoyomoyo, kisha nikaitoa kwa lugha yetu. Maneno nisiyoyajua niliyaruka. Niliyoyajua nusu niliyatia nusu iliyobaki kutoka kichwani. Baada ya siku chache wakaja wanawake wengine wawili, jirani zetu, na vikapu vyao vya miyaa, nami nikawa mtu mkubwa. Nilikuwa mtoto wa kwanza Chovai kunyamazisha watu wazima.

Kilichowashika zaidi ni mama yake Mareni. Katika ukurasa wa kwanza kabisa kulikuwa na maneno juu yake, na mbele ya neno "mama" palikuwa na neno dogo ambalo mwalimu wa Lamu alitufundisha maana yake ni kuchelewa. Alikuwa akilisema kila asubuhi kwa waliofika baada ya kengele. Kwa hiyo nikasoma: "Mareni alirithi macho ya mama yake aliyechelewa." Na katika kila sura, mara nyingine mara mbili katika sura moja, palikuwa na neno jingine nililolijua vizuri, neno la mtu aliyefika gatini akakuta mashua imeondoka. Nikasoma: "Jioni ile Mareni alimkosa mama yake."

"Amemkosa tena?" Mama Mdogo aliuliza.

"Amemkosa tena."

Walisonya kwa huruma. Mama Mdogo hakusonya. Alivuta ukili wake kwa nguvu, akasema, "Atampata. Kachelewa tu. Mchu aliyechelewa si mchu aliyepotea."

Hivyo ndivyo vitabu vitatu vilivyokwenda kibarazani kwetu: hadithi ya msichana anayefungua kufuli moja baada ya nyingine akimtafuta mama aliyeko njiani. Nilipofika mwisho wa cha tatu bado hawajaonana, na Mama Mdogo alikasirika kama mtu aliyekatwa kauli. Nikamwonyesha nyuma ya jalada. Kulikuwa na picha ya kitabu cha nne kitakachofuata, na chini yake maneno mawili matatu niliyoweza kuyasoma bila shaka: kwamba kitarudi mwanzo, na kwamba kitakuwa kitabu cha mama yake Mareni.

"Kitatueleza yuwapi?"

"Kitaeleza kila kitu," nilisema.

Wakati ule nilijua juu ya Dija kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa, yaani nilijua bila kufikiri. Mama Mdogo aliwahi kuolewa na mfanyabiashara wa Barawa. Walipoachana, mume alimchukua Dija, mtoto wao wa kike, akampeleka Barawa akalelewe na bibi yake, mtoto akiwa hajafika miaka mitatu. Ilikuwa iwe kwa miezi. Kisha njia zikawa mbaya, mume akaoa tena, habari zikakatika. Nyumbani jina la Dija lilitajwa kwa sauti ya chini, na Mama Mdogo akitokea mazungumzo yaligeuzwa. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Nilidhani anapenda hadithi yangu kwa sababu mimi ni msomaji hodari.

Baba alilichana jalada la kitabu cha tatu kwa ruhusa yangu, na Mama Mdogo akalitia katika mfuko wa plastiki. Kila aliyesafiri kwenda Mombasa alionyeshwa. Mabaharia, wagonjwa, maharusi. Yeye asiyejua kusoma herufi moja alikuwa akiweka kidole juu ya picha ile ndogo na kusema, "Hiki. Si hivi vingine. Hiki." Binamu yetu mmoja wa kule alisukiwa mkeka wa rangi tatu, mzuri kuliko wowote uliowahi kutoka mikononi mwake, ili tu asisahau.

Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Katikati ya muda huo baba alinipeleka Kismayu nikasome. Huko nilimpata mwalimu aliyesomea nje, mkali, aliyeturudisha mwanzo wa kila neno, nami nikakipata Kiingereza hasa. Nilipata na mengine. Nilijifunza kuona haya. Wasichana wa mjini waliniuliza kama kweli kwetu tunalala na kobe, nami nikaanza kupunguza lafudhi, nikaanza kusema "mtu" mahali pa "mchu", na nilipokwenda likizo nilivaa viatu mpaka ndani ya mchanga.

Likizo moja nilikuta kitabu kimefika. Mama Mdogo alikuja kunipokea pale boti inapofikia, amekikumbatia, hajakitoa hata kwenye karatasi kilichofungiwa.

"Nimekungoja wewe," alisema. "Hakuna aliyekigusa." Kisha, tukiwa njiani, akasema kama anayetaja bei ya sukari, "Nahodha Athmani anakwenda Barawa wiki hii na mzigo. Ana nafasi ya mwanamke mmoja. Nimemwambia nakwenda."

"Kufanya nini?"

Alinitazama kana kwamba namtania. "Ntakwambia tukisoma. Kwanza tumjue yule mama yuwapi."

Nilikisoma peke yangu siku nzima, nimelala kifudifudi juu ya kitanda cha kamba. Nilikuwa nimekingoja kama alivyokingoja yeye, na sijui kama kuna kitabu kilichowahi kuniudhi kama kile. Mama yake Mareni alikuwa msichana wa kawaida katika mji wa kawaida, asiye na kufuli wala mto unaopanda. Kurasa nyingi zilikuwa za ugomvi wake na dada zake juu ya nguo. Wardani halikuwa jina la mtu. Lilikuwa jina la kazi, kama vile bawabu, na kabla ya yule wa kwetu walipita wengine wengi, na walilipwa mshahara. Taa ilitiwa mafuta, ila kwa siri. Na mwisho wa kitabu, baada ya yote hayo, mama alijifungua Mareni, akafa asubuhi ile ile.

Nikarudi kwenye vile vitatu vya zamani. Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza, mahali niliposoma "mama aliyechelewa". Mwalimu wa Kismayu alikuwa ametufundisha: neno lile lile ambalo Kiingereza hulitumia kwa aliyechelewa, hulitumia pia kwa marehemu. Nikatazama lile jingine, la kumkosa. Hulitumia pia kwa mtu anayemlilia moyoni aliye mbali naye. Mareni hakuwahi kumtafuta mama yake hata siku moja. Alijua yuko kaburini tangu mwanzo, kila mtu mle kitabuni alijua, na kaburi lenyewe lilitajwa katika sura ya tatu, ambayo niliiruka kwa sababu ilikuwa na maneno magumu.

Nilihisi uso ukiwaka. Sikumfikiria Mama Mdogo. Nilimfikiria mwalimu wangu, na wale wasichana wa mjini, na namna ambavyo wangecheka wangejua. Haya ile haikukaa haya kwa muda mrefu. Iligeuka hasira, na hasira ikatafuta mtu. Ilimkuta mwandishi kwanza, kisha ikawakuta wanawake waliokuwa wakinisikiliza miaka ile na kuniamini.

Kesho yake baada ya alasiri walikuwapo wote, na zaidi. Walikuwa kama kumi. Mama Mdogo alikuwa amevaa kanga mpya. Nilisoma nimesimama, kama tulivyosoma darasani. Sikuongeza kitu wala sikuruka kitu. Mji, dada, nguo, mshahara. Niliwaona wanatazamana. Mwanamke mmoja aliuliza mito imekwenda wapi, nikamjibu kwamba katika kitabu hiki hakuna mito. Nilipofika kwenye kifo nilikisoma kwa sauti ile ile niliyosomea nguo, nikafunga.

Mama Mdogo alikuwa ameacha kusuka. "Huyu ni mama mwingine," alisema.

"Ni huyo huyo."

"Aliyekuwa akitafutwa?"

"Hakutafutwa. Alikufa siku aliyomzaa. Mareni alijua tangu zamani."

"Lakini wewe ulisoma kwamba amechelewa. Kila siku ulisoma."

"Nilikuwa mdogo. Nilikosea neno."

"Ulikosea vitabu vitatu?" aliuliza jirani yetu, na wengine wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Kilikuwa kicheko cha watu wanaompenda mtoto wao aliyeteleza. Lakini mimi nilisikia kicheko cha Kismayu, nikasema neno ambalo hata sasa nikilikumbuka hunisimamisha katikati ya chochote ninachofanya.

"Hakuna mtoto anayezunguka dunia kumtafuta mama aliyemwacha," nilisema. "Hayo mlitaka kuyasikia nyinyi."

Kicheko kilikatika. Mama yangu alisema jina langu, mara moja tu. Mimi bado sikuelewa. Nilimwona Mama Mdogo akiokota ukili wake, akaanza kusuka, akakosea, akafumua, akaanza tena. Hakuniangalia. Wanawake wakaanza kuzungumzia bei ya unga.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya Nahodha Athmani kuondoka kwenda Barawa. Nilikuwa nikichota maji nilipomkuta Mama Mdogo uani kwake, anaparua samaki, na mtungi wa safari uko palepale ukutani, umejaa.

"Huendi?" nilimuuliza.

"Mzigo umekuwa mwingi," alisema. "Hakuna nafasi."

Jioni nilimsikia Nahodha mwenyewe, kabla hajang'oa nanga, akimuuliza baba kwa nini Tima amebadili nia na mahali pake papo. Hapo ndipo mambo mawili yaliungana kichwani mwangu, Dija na Mareni, yote kwa pamoja. Ningeweza kukimbia. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini. Ningemwambia kwamba kitabu si chochote, kwamba mwandishi wa nchi za mbali hajui lolote juu ya mtoto wa Barawa. Nilikaa. Nilijiambia ni mambo ya wakubwa. Likizo ilikwisha, nikarudi shuleni, na Mama Mdogo hakuniomba tena nimsomee kitu, wala baraza haikukaa tena kwa ajili ya hadithi. Aliendelea kunipenda, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alinitumia samaki wa kukaanga kwa kila boti iliyokuja Kismayu.

Nimekuwa mwalimu sasa. Mwaka juzi mwanamke mmoja alikuja kuandikisha mtoto wake, na kwa lafudhi nikamjua ni wa Barawa. Aliposikia asili yangu ni Chovai alifurahi. Mtaani kwao, alisema, kulikuwa na msichana ambaye mama yake ni wa Chovai. Kila chombo kilipofika kutoka kusini alikuwa akiteremka pwani kuwauliza mabaharia kama wanamjua mwanamke fulani. Watoto wenzake walimcheka. Aliendelea mpaka alipoolewa, akaacha, akahamia ng'ambo na mumewe.

Nilimuuliza jina, ingawa nilikuwa nalijua. Nilimwomba anitafutie namba ya simu, na baada ya wiki chache akaileta.

Nilikwenda Chovai mwenyewe kumchukua Mama Mdogo. Nilimweleza yote yale niliyoyasikia, na yeye akauliza kitu kimoja tu, msichana alianza kwenda pwani akiwa na miaka mingapi. Tulipiga simu tukiwa nyumbani kwangu Kismayu, Ijumaa asubuhi. Yeye huogopa kugusa kioo cha simu, kwa hiyo niliishika mimi katikati yetu, na sauti ya Dija ikajaza chumba. Waliamkiana kwa muda mrefu sana. Waliulizana juu ya afya, juu ya watoto, juu ya hali ya hewa ya huko. Mama Mdogo alicheka mara moja. Kisha Dija akasema, kwa upole:

"Mama, nilikuwa nikija pwani kukuulizia. Waliniambia upo, u mzima. Mbona hukuja?"

Mama Mdogo aliinua macho akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya barazani kunitazama hivyo, moja kwa moja, na nilijua kwamba ananipa nafasi, au nilidhani hivyo. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Mdomo wangu ulikuwa karibu nayo kuliko wake. Nilivuta pumzi, na maneno yote yakanijia kwa mpangilio mzuri, na sikusema hata moja.

"Niliogopa, mwanangu," alisema Mama Mdogo. "Niliogopa nifike usinijue."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Haya, mama. Si neno," Dija alisema, kwa adabu, kama mtu anayemsamehe mgeni aliyemkanyaga sokoni. Kisha akauliza kama dawa za presha anazipata.

Baadaye nilimuuliza Mama Mdogo kwa nini hakumwambia ukweli. Alikuwa akifunga buibui yake arudi kisiwani. "Nimwambie nini?" alisema. "Kwamba mchu mzima alikuwa na chombo gatini, akazuiwa na mtoto wa miaka kumi na mitatu? Atasema mamake ni mchu gani?" Hakuonyesha kama ana hasira. Mpaka leo sijui kama lile la kuogopa lilikuwa kweli, au lilikuwa sitara, na aliyekuwa akisitiriwa ni nani.

Wanazungumza siku za Idi. Dija hajauliza tena. Namba yake ninayo, na mara nyingi, watoto wakiwa wamelala na nyumba imetulia, huanza kumwandikia: kwamba mama yake alikuwa amevaa kanga mpya, kwamba mtungi wa maji ulikuwa umejaa, kwamba alikuwa tayari kuja, na nani alimrudisha. Leo asubuhi nimeyaandika yote, marefu, mpaka mwisho. Nimeyasoma mara mbili, nikatengeneza neno moja, nikayafuta.